Dawn Powell: kwa nini sifa za wahakiki hazikutosha kumrudisha

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili katika fasihi na ninatafuta mada ya tasnifu. Kwenye orodha za waandishi wa Marekani “waliosahauliwa” nakutana kila mara na jina la Dawn Powell, na kila makala inasema amegunduliwa upya. Ajabu ni kwamba nikiwauliza wenzangu hakuna anayemjua. Je, alikuwa mzuri kweli au hii ni biashara ya wachapishaji? Kama alikuwa mzuri, alisahauliwaje? Na huku kumhakiki upya mwandishi hufanyikaje hasa?

JIBU: Marahaba. La kwanza lina jibu fupi: alikuwa mzuri, tena sana, ingawa si katika kila kitabu. Mengine yanataka maelezo, maana wengi wanaoandika juu yake hudhani mwandishi hufufuka siku ile mhakiki mkubwa anapomsifu. Powell alisifiwa na wakubwa akiwa hai, na hakuna kilichobadilika. Akasifiwa tena na mkubwa mwingine miaka zaidi ya 20 baada ya kufa, yakabadilika machache. Kilichomrudisha, kwa kiasi hicho alichorudi, ni kazi ya makaratasi: mirathi, hakimiliki, shajara zilizokuwa zimefungiwa, na mchapishaji mdogo wa Vermont. Tathmini ya kifasihi ilikuja nyuma ya hayo, ikiyafuata.

Kwanza umjue mtu mwenyewe. Alizaliwa Mount Gilead, Ohio, tarehe 28 Novemba 1896. Mama yake alifariki mwaka 1903. Baba alikuwa mtu wa kuuza bidhaa mji kwa mji, hakai nyumbani, kwa hiyo mabinti walilelewa huku na kule kwa ndugu mpaka alipooa tena. Mama wa kambo alizichoma daftari ambazo binti huyu alikuwa akiandikia hadithi zake, naye akatoroka kwenda kuishi Shelby kwa dada wa mama yake, katika nyumba iliyokuwa karibu na stesheni ya reli. Akasoma Lake Erie College, akahitimu mwaka 1918 na mwaka huohuo akahamia New York. Hakuondoka tena. Mwaka 1920 aliolewa na Joseph Gousha, mtu wa kampuni za matangazo, na mwaka uliofuata wakapata mtoto wao pekee, kijana ambaye leo madaktari pengine wangesema ana usonji, aliyehitaji uangalizi maisha yake yote. Gharama za uangalizi huo ni sababu mojawapo ya Powell kuandika bila kupumzika: riwaya 15, hadithi fupi, tamthilia, mapitio ya vitabu, chochote chenye malipo.

Riwaya zenyewe ziko katika mafungu mawili. Zipo za Ohio, zenye miji midogo ya viwanda na reli ambako kila kijana anasikiliza honi ya treni inayokwenda kwingine. Na zipo za New York, ambako hao vijana wa Ohio wameshafika mjini na sasa wanadanganyana kwenye baa za Greenwich Village, katika ofisi za wachapishaji na kwenye karamu za matajiri wanaopenda kuonekana na wasanii. Hizi za pili ni za kejeli, na ndizo zilizompa jina.

Sasa, alisahauliwaje?

Mwaka 1962, Edmund Wilson, mhakiki aliyekuwa na sauti kuliko wote Marekani wakati huo, alimwandikia makala ndefu katika The New Yorker. Aliuliza swali lako hilihili: kwa nini mwandishi hodari namna hii hana umaarufu? Jibu lake lilikuwa kwamba Powell hawapi wasomaji wa kike ndoto za mchana. Mwanamke akisoma hapati faraja ya kujiona katika mashujaa wake. Makala hii hunukuliwa kila mahali kama ushahidi wa ukarimu wa Wilson, na ni kweli ilikuwa ya ukarimu. Lakini sababu aliyoitoa naiona nusu tu. Inawatwika wanawake mzigo wa kutomsoma Powell, huku waliokuwa wakiamua nani ni mwandishi “mkubwa” katika miaka ya 1930 na 1940 walikuwa wanaume kwa sehemu kubwa, nao walikuwa wanatafuta kitu kingine kabisa. Mdororo wa uchumi ulikuwa umewafundisha kutaka riwaya za wafanyakazi na migomo. Vita ikawafundisha kutaka riwaya za askari. Powell aliandika kuhusu watu wanaotaka kualikwa kwenye karamu.

Na hata mhakiki mwanamke aliyempenda alijikwaa hapohapo. Diana Trilling, katika jarida la The Nation, alimsifu mwaka 1942 kwa ucheshi wake, kisha mwaka 1948 akalalamika kwamba akili kubwa namna hii inatumika kuwachambua watu wasio na uzito wowote. Lishike lalamiko hili, kwa sababu ndilo pingamizi zito kuliko yote aliyowahi kuwekewa, na anayetaka kumtetea lazima apite hapo.

Iko sababu nyingine ambayo wahakiki hawaisemi sana kwa kuwa haina utukufu. Powell alihamahama. Vitabu vyake vya mwanzo wa miaka ya 1930 vilitoka Farrar & Rinehart, vya miaka ya 1940 Scribner's, alikokuwa chini ya mhariri mashuhuri Maxwell Perkins, vya miaka ya 1950 Houghton Mifflin, na cha mwisho Viking. Maana yake ni kwamba hakukuwa na nyumba moja yenye rafu nzima ya Powell na yenye faida ya kuiweka hai rafu hiyo. Mwandishi aliyetulia kwa mchapishaji mmoja, kitabu chake kipya kikivuma, cha zamani huchapwa tena ili kipande mgongoni mwa hicho. Cha Powell kikivuma, kama A Time to Be Born kilivyovuma mwaka 1942, vya nyuma vilikuwa mali ya wengine.

The Golden Spur, riwaya yake ya mwisho, iliteuliwa kugombea National Book Award. Haikushinda, mwaka huo tuzo ilikwenda kwa J. F. Powers. Mwaka 1964 akapewa tuzo ya heshima na National Institute of Arts and Letters, na tarehe 14 Novemba 1965 akafa kwa saratani ya utumbo. Mwili wake aliuacha kwa ajili ya mafunzo ya udaktari. Miaka mitano baadaye, hospitali ilipotaka kuurudisha, msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Powell mwenyewe hakutaka kuupokea, ukazikwa Hart Island, makaburi ya jiji la New York kwa ajili ya maiti wasio na wa kuwazika, ambako wachimbaji wa makaburi siku hizo walikuwa wafungwa.

Habari hii ya kaburi utaikuta katika kila makala, mara nyingi aya ya kwanza kabisa. Nakuomba uisome kwa tahadhari. Inasikitisha, ndiyo, lakini imegeuka kuwa kishika-macho: msomaji anamwonea huruma maiti na hafungui kitabu. Kwa historia ya fasihi, jambo zito lililofanywa na mirathi ile lilikuwa jingine. Msimamizi yuleyule ndiye aliyekuwa na mamlaka juu ya hakimiliki na ndiye aliyekuwa na shajara, na kwa miaka mingi barua za watu waliotaka kuchapa au kusoma hazikufika popote. Mwandishi anaweza kuwa na mashabiki elfu kumi, lakini kama hakuna wa kutia saini mkataba, hakuna kitabu.

Kisha akaja Gore Vidal, mwandishi wa riwaya na insha. Alikuwa amemfahamu Powell mwenyewe, na tarehe 5 Novemba 1987 New York Review of Books ikatoa insha yake ndefu iliyompitia riwaya kwa riwaya. Hoja yake ilikuwa ya kichokozi: kwamba Powell ndiye mchekeshaji bora wa riwaya waliyewahi kuwa naye, na kwamba Wamarekani hawakumtaka kwa sababu hakuabudu mapenzi, familia wala mafanikio, na kejeli ya mwanamke iliwauma kuliko ya mwanamume. Vidal alikuwa na maslahi yake humo. Alikuwa akijitetea yeye pia, maana naye alikuwa mtu wa kejeli katika nchi aliyoiona haipendi kejeli. Hata hivyo alifanya kitu ambacho Wilson hakukifanya: alisoma vyote, akasema kipi kinazidi kipi na kwa nini. Hapo ndipo tahakiki yenyewe inapoanzia. Baada ya insha hiyo vitabu vichache vilichapwa tena kwa jalada laini.

Bila mtu wa tatu, moto huo ungezimika. Tim Page alikuwa mhakiki wa muziki, baadaye wa Washington Post, na mwaka 1997 alipata tuzo ya Pulitzer kwa kazi hiyo ya muziki. Alikutana na jina la Powell mwanzoni mwa miaka ya 1990 alipokuwa akimsoma Wilson. Hakuishia kuandika insha. Aliwatafuta jamaa wa Powell kule Ohio, akashirikiana nao kuikwamua mirathi, akazifikia shajara, kisha akafanya kazi ya karani kwa miaka. Mwaka 1995 shajara za 1931 hadi 1965 zikachapwa na Steerforth Press ya Vermont, ambayo pia ilizirudisha riwaya moja baada ya nyingine. Wasifu alioandika Page ukatoka mwaka 1998, barua mwaka 1999, na mwaka 2001 Library of America, mfululizo ambao ndio kama hati rasmi ya waandishi wanaohesabiwa kuwa urithi wa taifa, ikatoa majuzuu mawili yenye riwaya tisa. Humo The Tenth Moon ya mwaka 1932 imo kwa jina ambalo Powell mwenyewe alilipendelea, Come Back to Sorrento.

Page ni mtu wa muziki, wala si profesa wa fasihi. Vyuo vikuu vilikuja mwishoni, tena kwa kusitasita, na nadhani hapo ndipo penye jibu la kwa nini wenzako hawamjui.

Mlinganishe na wengine waliorudi. Zora Neale Hurston, mwandishi Mmarekani Mweusi, alikufa Florida mwaka 1960 akiwa fukara, akazikwa bila jiwe. Mwaka 1937 mwandishi mwenzake Richard Wright alikuwa ameishambulia riwaya yake Their Eyes Were Watching God kwamba haina ujumbe. Mwandishi Alice Walker alikwenda kulitafuta kaburi mwaka 1973, makala yake ikatoka katika jarida la Ms. mwaka 1975, wasifu wa Robert Hemenway ukafuata mwaka 1977, na University of Illinois Press ikairudisha riwaya mwaka 1978. Kwa juujuu hadithi yake na ya Powell ni ileile: kaburi, makala, wasifu, toleo jipya. Tofauti ni kwamba Hurston alikuta viti vimeshapangwa. Idara za masomo ya Wamarekani Weusi na za masomo ya wanawake zilikuwa ndiyo kwanza zinaundwa, zinatafuta vitabu vya kufundisha, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakalazimika kukinunua kitabu chake. Sisi tuliosoma vitabu teule tunaijua nguvu hiyo: kitabu kikiingia kwenye orodha ya mtihani, hata asiyekipenda ataweza kukusimulia.

Herman Melville naye alikufa mwaka 1891 karibu hakuna aliyejali. Riwaya yake Moby-Dick haikufikia kuuza hata nakala elfu nne nchini mwake katika maisha yake yote. Alifufuliwa kuanzia karne ya kuzaliwa kwake mwaka 1919, Raymond Weaver akaandika wasifu mwaka 1921, na katika karatasi alizokuwa nazo mjukuu wa Melville ikapatikana Billy Budd, iliyochapwa mwaka 1924. Wakati huo vyuo vya Marekani vilikuwa vinataka kuthibitisha kwamba nchi yao ina fasihi ya kusimama mbele ya Uingereza. Melville alikidhi haja hiyo. Henry Roth je? Call It Sleep ya mwaka 1934 ilipotea hadi toleo la bei rahisi la mwaka 1964, mhakiki Irving Howe akaisifu ukurasa wa mbele wa gazeti la vitabu la New York Times, ikauza zaidi ya nakala milioni. Fasihi ya Wayahudi wa Marekani ilikuwa kwenye kilele chake. Hata Stoner ya John Williams, iliyouza chini ya nakala elfu mbili ilipotoka mwaka 1965, ililipuka Ulaya baada ya tafsiri ya Kifaransa ya Anna Gavalda mwaka 2011, kwa wasomaji waliokuwa tayari kulia na mtu mpole aliyeshindwa kimyakimya.

Powell hana kiti. Watetezi wa haki za wanawake walimkuta akiwacheka wanawake wenye tamaa ya madaraka kwa ukali uleule anaowachekea waume zao. Wa mrengo wa kushoto walimkuta hana imani na mkutano wowote wa hadhara. Wahafidhina hawakuweza kumvumilia kwa namna anavyoiona ndoa. Mtu wa kejeli kamili humkera kila mwenye bendera, na uhakiki upya, tupende tusipende, huhitaji mwenye bendera wa kukubeba.

Lakini haya yote yanaeleza hatima yake tu, hayaelezi ubora. Basi tuingie kwenye vitabu.

A Time to Be Born inatokea New York kabla Marekani haijaingia vitani. Amanda Keeler ameolewa na Julian Evans, mwenye magazeti, na magazeti hayo yameifanya riwaya yake ya hovyo kuwa kitabu cha taifa; sasa anatoa maoni juu ya vita, mataifa na wakimbizi kwa kutumia vijana wanaomwandikia. Anamkaribisha mjini Vicky Haven, msichana wa kwao Ohio, na kumpangia chumba. Msichana anadhani ni wema. Kumbe chumba ni kisingizio: mchana Amanda anakitumia kukutana na mwanamume. Wasomaji wa mwaka 1942 walimtambua papo hapo Clare Boothe Luce, mke wa mwenye magazeti ya Time na Life. Powell alikana kwa miaka, akasema Amanda ni mchanganyiko wa watu kadhaa. Katika shajara ya mwaka 1956 anaeleza jinsi alivyokuta kikaratasi chake cha mwaka 1939 kinachouliza kwa nini asiandike riwaya juu ya Clare Luce, naye anajiuliza amwamini nani, yeye au nafsi yake.

Soma kurasa za mwanzo wa riwaya hiyo kwa sauti. Powell anaeleza jiji ambalo mtu anaona aibu kulia kwa sababu ya mapenzi yaliyovunjika wakati Ulaya inateketea, kisha, bila kubadili sauti, anaonyesha jinsi watu wanavyoitumia Ulaya inayoteketea kununulia kofia na vyeo. Hapo ndipo ninapomjibu Trilling. Ndiyo, watu hawa ni wadogo. Udogo wao ndio unaoendesha magazeti na kuamua nani asikilizwe juu ya vita. Mwandishi anayeusoma udogo huo kwa makini anafanya kazi ya kisiasa kuliko wengi walioandika juu ya migomo.

Turn, Magic Wheel ya mwaka 1936 ni bora zaidi kwa muundo. Dennis Orphen, mwandishi kijana, ametoa riwaya inayomchora waziwazi rafiki yake Effie, mke aliyeachwa zamani na mwandishi mashuhuri Andrew Callingham na ambaye bado anaishi kana kwamba mumewe atarudi wakati wowote. Effie anajiona amevuliwa nguo hadharani na mtu anayempenda. Dennis anajua alichofanya, anajuta, na wakati anajuta anaandika kichwani mwake majuto hayo yatakavyokaa kwenye kitabu kingine. Sijasoma maelezo makali zaidi ya tabia ya mwandishi, na ukali wake unatoka kwa mtu anayejua kwamba anajisema.

Na kwa kuwa unauliza juu ya kumhakiki mtu upya, lazima usome The Wicked Pavilion ya mwaka 1954. Watu wake hukutana Café Julien, mgahawa alioufinyanga kutokana na ule wa Lafayette wa Greenwich Village. Mchoraji mmoja, Marius, inasemekana amekufa. Akiwa hai hakuna aliyemnunua. Sasa bei imepanda, matajiri wanakumbuka jinsi walivyokuwa marafiki zake, na wachoraji wawili wenye njaa, Dalzell Sloane na Ben Forrester, wanatengeneza “kazi za Marius” mpya ili soko lisikauke. Kinachoharibu mambo ni kwamba Marius mwenyewe hajafa, na kurudi kwake kutawatia hasara wote. Powell alijua kabisa biashara hii inavyokwenda, miaka 11 kabla ya yeye mwenyewe kuwa bidhaa yake. Kila nikiona jalada lenye maneno “ugunduzi mkubwa” namkumbuka Marius.

Upande wa Ohio, anza na Dance Night ya mwaka 1930. Morry Abbott anaishi na mama yake, Elsinore, juu ya duka la kofia katika mji wa kiwanda unaoitwa Lamptown. Baba ni muuzaji wa kusafiri mwenye wivu. Mama amempenda mwalimu wa dansi. Hamna kejeli humu, au kama ipo imezikwa ndani sana. Powell mwenyewe alikuwa akiihesabu miongoni mwa kazi zake bora, na mimi naiweka juu ya riwaya kadhaa za New York ambazo mashabiki wake hawaachi kuzitaja.

Udhaifu upo, na tasnifu isiyoutaja haitakuwa na thamani. Whither ya mwaka 1925 yeye mwenyewe aliikana. A Cage for Lovers ya mwaka 1957 imechoka. Katika riwaya za mjini, wapenzi wanaopaswa kutuhusu huwa wamepauka wakilinganishwa na wanafiki wanaowazunguka: Vicky ni msichana mzuri, lakini Amanda akiondoka chumbani unasubiri arudi. Miisho yake mara nyingi ni ya haraka, kana kwamba karamu imekwisha na mwandishi anatafuta koti lake. Sioni sababu ya kuyaficha haya. Mhakiki anayemfufua mtu kwa kumfanya malaika humwua mara ya pili, kwa sababu msomaji wa kwanza makini ataona na hatarudi.

Hilo linanifikisha kwenye wasiwasi wako wa biashara. Biashara ipo, haikosi kuwapo. Mchapishaji anayerudisha kitabu anataka kukiuza. Mimi hutazama mambo machache. Anayemsifu mwandishi ananukuu nini, maisha yake au sentensi zake? Kama kurasa nane kati ya kumi ni ulevi, umaskini na kaburi, hajatuambia kitu. Je, kuna mtu mwenye akili anayepinga? Stoner ilipokuwa ikisifiwa kila kona, mhakiki Elaine Showalter aliandika mwaka 2015 kupinga, hasa namna mke wa mhusika mkuu anavyochorwa, na riwaya ikapata faida kwa hilo kwa sababu watu walianza kubishana juu ya kilichomo. Tena, je, kitabu cha pili cha mwandishi kinasomeka, au ni kimoja tu kinachobebwa? Kwa Powell naweza kukutajia vitano bila kusita.

Ukitaka kipimo cha sokoni kabisa, kipo. Mwaka 2012 Page alizitangaza mtandaoni shajara halisi kwa mnada, bei ya kuanzia dola 500,000. Hakuna aliyefika. Zikaishia Columbia University, ambako mtafiti anaweza kuziona. Mwandishi mwenye majuzuu mawili ya Library of America, na hakuna taasisi wala tajiri aliyeinua mkono: hapo ndipo hasa alipo Powell, katikati ya mlango.

Kwa tasnifu yako, usiandike tena “Dawn Powell, mwandishi aliyesahauliwa”. Hiyo imeshaandikwa mno, na si kweli tena. Kilichoachwa wazi ni riwaya za Ohio, ambazo Wilson na Vidal waliwavuta watu mbali nazo kwa kuisifu New York, na tamthilia: Big Night ilichezwa na Group Theatre mwaka 1933 na Jig Saw na Theatre Guild mwaka 1934, na hakuna wengi waliouliza jukwaa lilimfundisha nini juu ya mazungumzo kabla hajaandika Turn, Magic Wheel. Unaweza pia kuchukua mapokezi yenyewe kuwa mada: Trilling, Wilson, Vidal na Page, kila mmoja akimtumia Powell kubishana na nani. Hiyo ningeisimamia kwa furaha.

Kununua si lazima uanze na majuzuu ya bei kubwa. Tafuta A Time to Be Born ya jalada laini, kisha Turn, Magic Wheel, kisha Dance Night, na shajara uzisome mwisho. Wengi huanza na shajara kwa kuwa zinafurahisha, na matokeo yake humjua mwanamke, wasimjue mwandishi. Ukimaliza zile tatu niandikie uniambie kama Effie alikuwa na haki ya kumsamehe Dennis. Mimi nasema hakuwa nayo, na ninataka kusikia hoja yako.